Kosa Dogo Kati ya "Ameahidi" na "Aliahidi"

Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi ningeongeza, kwa idhini yao, kuwa kuna kujikwaa kwa kalamu, na huko ndiko kunakoumiza zaidi. Ulimi ukiteleza huweza kujisahihisha papo hapo. Karatasi ikishaondoka mkononi husema peke yake, mbali na mwandishi wake, mbele ya watu wasiomjua na wasio na nafasi ya kumuuliza alikusudia nini.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikifundisha katika shule moja ya upili isiyo mbali na Mabanga, nje ya mji wa Bungoma. Jioni moja kijana wa kidato cha tatu aliniletea fomu ya kuombea basari ili niipitie na kutia sahihi. Alikuwa mwanafunzi hodari, na walimu wote walilijua hilo. Baba yake alikuwa amefariki, na mama yake alikuwa akiwalea watoto watano kwa kipande cha shamba la mahindi na vibarua vya hapa na pale. Swali moja katika fomu lilitaka kujua iwapo mwombaji alikuwa na mtu mwingine wa kumsaidia kulipa karo. Kijana alikuwa amejibu kwa Kiingereza, kwa mwandiko safi: "My uncle has promised to pay half the fees last year."

Niliiona sentensi hiyo, na nilijua ina kasoro. Lakini fomu ilikuwa imekwisha kujazwa kwa wino, siku ya mwisho ya kuiwasilisha ilikuwa kesho yake, na fomu ya pili haikuwapo. Nikajiambia kuwa hakuna kamati itakayomnyima mtoto karo kwa sababu ya sarufi. Nikatia sahihi yangu.

Majina yalipobandikwa, lake halikuwamo. Nilipofuatilia, mmoja wa waliohusika alinieleza kwa upole kwamba fedha zilikuwa chache, kwamba kijana wangu alikuwa na mjomba aliyeahidi kulipa nusu, na kwamba walikuwapo watoto wasio na mtu kabisa. Sikuona dhuluma yoyote katika maneno yake. Walikuwa wameisoma sentensi jinsi Kiingereza kinavyoisoma: ahadi ipo, ingali hai, na mjomba anangojewa. Maneno mawili ya mwisho, "last year", waliyachukulia kuwa kosa la haraka, wakayaruka. Kumbe ukweli ulikuwa kinyume. Mjomba aliahidi mwaka uliotangulia, kisha akapoteza kazi kabla ya kutoa hata shilingi moja, na ahadi ikafa. Kijana alitaka kusema "aliahidi". Kalamu yake ikasema "ameahidi". Alikaa nyumbani muhula mzima.

Kwa sababu ya fomu ile, leo nataka kuzungumza na walimu wenzangu na wanafunzi kuhusu jambo moja tu, nalo ni matumizi ya hali timilifu ya Kiingereza pamoja na vitenzi vya mawasiliano. Vitenzi ninavyovikusudia ni vile vya kusema, kuambia, kuahidi, kuarifu, kuuliza, kujibu, kuandika, kutuma, kupokea na kupiga simu. Nimevichagua kwa kuwa ndivyo vinavyojaa katika barua, fomu, ripoti na maombi ya kazi, nyaraka ambazo hutuwakilisha mahali ambapo sisi wenyewe hatupo.

Kwanza tuwaondolee wanafunzi wetu lawama. Mtoto anayeandika "He has told me yesterday" si mvivu wala si mzito wa kuelewa. Amebeba ujuzi kutoka lugha moja na kuupeleka katika lugha nyingine. Kichwani mwake ipo sentensi "ameniambia jana", ambayo huisikia kila siku, sokoni Bungoma na katika kituo cha matatu cha Kitale. Mwalimu wa Kiswahili atapendelea "aliniambia jana", na ana haki yake. Hata hivyo, sikio la msemaji wa kawaida halishtuki lisikiapo ile ya kwanza. Kwa nini halishtuki? Jibu limo ndani ya kiambishi chenyewe.

Wataalamu wa historia ya lugha hueleza kuwa kiambishi -me- ni mabaki ya kitenzi cha kale, -mala, chenye maana ya kufikia mwisho. Kitenzi hicho kimetoweka katika Kiswahili chetu cha kila siku, lakini kimetuachia mtoto wake, neno "maliza". Kwa Mbukusu hakijatoweka hata kidogo, kwani "khumala", yaani kumaliza, ni neno la nyumbani ambalo mtoto hulisikia kabla ya kujua kusoma. Kwa hiyo, tusemapo "ameniambia", kiini cha usemi wetu ni kwamba tendo la kuambia limekwisha. Kama lilikwisha sasa hivi au lilikwisha jana, hilo si jambo ambalo -me- hulishughulikia sana.

Kiingereza kilipita njia nyingine. Neno "have" ni kitenzi cha kuwa na kitu. Zamani, mpango wa sentensi kama "I have written a letter" ulikuwa karibu na kusema "ninayo barua, ikiwa imeandikwa". Maana hiyo ya kumiliki imefifia kwa muda wa karne nyingi, lakini kivuli chake hakijaondoka. Anayesema "have" husimama leo, akiwa ameshika mkononi matokeo ya jambo lililotendeka. Ndiyo sababu sarufi ya Kiingereza huiita hali hii ya wakati wa sasa, ingawa tendo lenyewe limepita. Kwa ufupi, Kiswahili huuliza: je, jambo limekwisha? Kiingereza huuliza: je, unalo sasa? Anayekishika kitu leo hawezi kusema anakishika jana, na hivyo ndivyo "I have told him yesterday" inavyomfikia Mwingereza masikioni.

Tusidhani kuwa mkanganyiko huu ni wetu peke yetu. Mfaransa husema "Je lui ai parlé hier", na Mjerumani husema "Ich habe gestern mit ihm gesprochen". Wote wawili wametumia kitenzi chao cha kuwa na kitu, wakakifunga pamoja na neno la jana, na sentensi zao ni sahihi katika lugha zao. Wakija kujifunza Kiingereza, hukosea pale pale anapokosea mtoto wa Bungoma. Hata wenye Kiingereza wenyewe hawakubaliani katika kila jambo. Mwingereza huuliza "Have you told him yet?" mahali ambapo Mmarekani wengi huridhika na "Did you tell him yet?" Shule zetu hufuata desturi ya Uingereza, na mitihani yetu vivyo hivyo. Lakini katika kauli yenye "jana" au "mwaka jana", Mwingereza na Mmarekani husimama upande mmoja: "I told him yesterday."

Sasa nije kwenye dawa. Dawa yenyewe haitoki ng'ambo, imo katika Kiswahili tunachokizungumza. Nimesema kuwa katika kukubali, Kiswahili ni kipole na huachilia "ameniambia jana" ipite. Katika kukanusha, Kiswahili hicho hicho hugeuka kuwa hakimu mkali. Tunasema "hajaniambia" tukiwa na maana kwamba hadi sasa bado; na tunasema "hakuniambia" tukiwa na maana kwamba wakati fulani uliopita jambo hilo halikutendeka. Mipaka hii haivukwi. Nani amewahi kusema "hajaniambia jana"? Jaribu kuitamka, mpenzi msomaji, usikie jinsi ulimi unavyokataa. Tutasema "hakuniambia jana", na hatutafundishwa hivyo na mtu, kwa kuwa tulizaliwa au tulikua tukilijua.

Kanuni ni hii basi. Kabla ya kuandika "have" au "has", igeuze sentensi yako ya Kiswahili iwe ya kukanusha. Ikikubali -ja-, tumia "have". Ikikataa -ja- na kudai -ku-, achana na "have", utumie wakati uliopita. "Nimemwambia jana": je, "sijamwambia jana"? Haiwezekani, ni "sikumwambia jana". Kwa hiyo, "I told him yesterday." "Nimemwambia tayari": je, "sijamwambia bado"? Yawezekana kabisa. Kwa hiyo, "I have already told him." "Mjomba ameahidi mwaka jana": je, "mjomba hajaahidi mwaka jana"? La hasha. "Hakuahidi mwaka jana." Kwa hiyo, "My uncle promised last year", na msomaji yeyote akiisoma sentensi hiyo ataanza kujiuliza, kama ipasavyo, iwapo mjomba huyo alitimiza ahadi yake au la.

Niliijaribu kanuni hii darasani. Katika darasa lile walikuwamo Wabukusu, Watachoni, Wasabaoti na Wateso, na lugha zao za nyumbani hazikuwa za ukoo mmoja, maana Kisabaoti na Kiteso si lugha za Kibantu. Lakini nilipoandika ubaoni "Mwalimu hajatuambia jana", darasa zima liliangua kicheko. Hakuna aliyehitaji kuelezwa kosa liko wapi. Nikawaambia kuwa kicheko hicho ndicho sarufi, na kwamba Mwingereza naye hucheka vivyo hivyo, kwa adabu na kimoyomoyo, asomapo "The teacher has told us yesterday". Kanuni ambayo walikuwa wameikariri kwa miaka mingi bila ya kuishika, siku hiyo waliishika kwa sababu waligundua kuwa walikuwa nayo tangu zamani.

Kanuni hii hutuokoa hata pale ambapo maneno ya wakati hufanana. Chukua "jana" na "tangu jana". Hatusemi "sijazungumza naye Jumatatu", lakini tunasema vizuri kabisa "sijazungumza naye tangu Jumatatu". Kiingereza nacho hufuata mkondo huo huo: "I have not spoken to him since Monday." Neno "tangu" hufungua mlango wa Jumatatu na kuuacha wazi hadi leo, na mlango ukiwa wazi "have" huingia. Maneno mengine yanayofungua mlango ni "already", "yet", "so far", "ever" na "never". Yanayoufunga ni "yesterday", "last week", "two days ago", "in 2019" na mengineyo yanayotaja wakati uliokwisha. Katikati yapo yale yanayotegemea saa ya anayesema. Asubuhi kabla ya saa sita, karani anaweza kuandika "I have spoken to the bursar this morning", kwa kuwa asubuhi haijakwisha. Alasiri inabidi aandike "I spoke to the bursar this morning", kwa maana asubuhi hiyo imekwisha kufungwa.

Kuna mtego mmoja ambao kanuni ya kukanusha haiutegui, nao ni swali la "lini". Kila siku twasikia "Umemwambia lini?" na hatuoni ubaya. Lakini anayeuliza "lini" anatafuta saa au siku iliyopita, na kutafuta huko kumekwisha kuufunga mlango. Kiingereza chake ni "When did you tell him?" Usiandike kamwe "When have you told him?" Mtego mwingine ni wa jambo lililoanza zamani na linaloendelea. Kiswahili huridhika na "ninamwandikia tangu Januari", na mwanafunzi huandika "I am writing to him since January". Kiingereza hutaka kuishika Januari na leo kwa mkono mmoja: "I have been writing to him since January."

Tahadhari pia na tarehe, maana si kila tarehe inafunga mlango. Linganisha "I have received your letter of 5 May" na "I have received your letter on 5 May". Sentensi ya kwanza ni sahihi, kwa kuwa tarehe ni ya barua; ndiyo siku ambayo barua iliandikwa. Ya pili ina kosa, kwa kuwa tarehe ni ya kupokea, na kupokea kukishapewa siku yake, "have" haina nafasi tena. Mtu ataniuliza: mbona ujumbe unaoingia katika simu zetu tunapotumiwa pesa husema "You have received" kisha hutaja siku na saa? Naam, na pengine hakuna sentensi ya Kiingereza inayosomwa kwa furaha zaidi katika nchi hii. Lakini huo ni waraka wa stakabadhi, na tarehe iliyomo ni kama muhuri uliogongwa pembeni. Tuipokee pesa kwa shukrani, wala tusiichukue sentensi hiyo kuwa kielelezo cha barua rasmi.

Ukitaka kielelezo kizuri, soma gazeti. Habari nyingi huanza kwa hali timilifu, kisha huhamia katika wakati uliopita. Mwandishi ataanza hivi: waziri amesema kuwa walimu wataajiriwa. Katika aya ya pili ataandika: akizungumza mjini Bungoma jana, waziri alisema kuwa shughuli hiyo itaanza mwezi ujao. Waandishi wa Kiingereza hufanya vivyo hivyo, "has said" kwanza, "said" baadaye. Aya ya kwanza humpa msomaji habari aishike leo; aya ya pili humweleza ilisemwa lini na wapi. Mwalimu akiwapa wanafunzi kurasa mbili za magazeti, moja ya Kiswahili na moja ya Kiingereza, wapigie mistari vitenzi vya kusema, atakuwa amefundisha somo hili bila ya kuandika neno ubaoni.

Yapo pia makosa madogo yanayoambatana na vitenzi hivi, na ni vyema kuyataja kwa pamoja. Baada ya "have" twahitaji umbo la tatu la kitenzi: "have spoken", "have written", "have rung". Maumbo kama "have spoke" na "has wrote" huichafua barua kabla haijafika kiini chake. Tena, mtu hu-"explain" jambo "to me", wala ha-"explain me". Hu-"reply to" barua, wala ha-"reply" barua. Na hu-"discuss" jambo moja kwa moja, pasipo kuongeza "about". Isitoshe, tumezoea kuandika "I have called you severally" tukiwa na maana ya mara nyingi. Neno "severally" lina maana ya mmoja mmoja au kila mtu peke yake, kwa hiyo tuandike "I have called you several times".

Aidha, kiambishi -me- hufanya kazi ya pili ambayo "have" haiifanyi, nayo ni kueleza hali aliyomo mtu. "Amelala" maana yake yumo usingizini wakati huu. Mtoto akipokea simu ya baba yake na kusema "He has slept", mpigaji simu Mwingereza ataelewa kuwa baba amekwisha kulala na sasa yu macho, tayari kuzungumza. Mtoto alipaswa kusema "He is asleep". Vivyo hivyo, "nimeelewa" ni "I understand", na "Mwalimu amekuita" aghalabu ni "The teacher is calling you" au "The teacher wants you".

Najua wapo watakaonipinga, na hoja yao si nyepesi. Watasema kuwa Kiingereza cha Kenya kina haki ya kuwa Kiingereza cha Kenya, kama kile cha India au cha Nigeria kilivyojipatia sura yake, na kwamba hakuna anayepotea njia kwa sababu mwenzake amesema "I have understood". Nakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Mazungumzo ya uani na ya kituo cha matatu yana sheria zake, na mwalimu anayemkatiza mtoto kila neno humfundisha kunyamaza. Lakini tutenganishe kosa linaloudhi sikio na kosa linalobadilisha ukweli. "I have understood" haimpotezi mtu. "Has promised" iliyoandikwa mahali pa "promised" ilimpotezea kijana wangu muhula. Kalamu nyekundu ingetumika kwanza juu ya makosa ya namna hii ya pili, na mengine yakangoja.

Nina neno kwa walimu wenzangu. Katika vyumba vingi vya walimu, anayefundisha Kiingereza na anayefundisha Kiswahili huketi meza moja, hunywa chai katika birika moja, na huingia darasa moja kwa zamu, lakini hawaulizani juu ya hali timilifu hata siku moja. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kilifanywa somo la lazima lenye kutahiniwa pamoja na Kiingereza. Katiba ya mwaka 2010 ikazifanya lugha hizi mbili kuwa lugha rasmi za nchi. Mtihani wa mwisho wa darasa la nane ulifanywa mwaka 2023, na sasa tumo katika mtaala wa umilisi. Mifumo imebadilika, lakini ukuta kati ya vipindi hivi viwili bado umesimama.

Sehemu ya ukuta huo ni urithi wa ukoloni. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake "Decolonising the Mind" cha mwaka 1986, alisimulia jinsi mwanafunzi aliyepatikana akizungumza Kikuyu katika eneo la shule alivyoadhibiwa na kufedheheshwa. Adhabu za namna hiyo zilimfunza mtoto kuwa lugha anayoijua ni adui wa lugha anayojifunza. Nami nilifundishwa na watu waliofundishwa hivyo, na kwa miaka mingi nikiwa mwalimu nilipiga marufuku Kiswahili katika kipindi cha Kiingereza. Sikujua kuwa nilikuwa nimefunga nje ya mlango ule msaidizi ambaye angenifanyia nusu ya kazi. Nusu saa ya walimu wawili kuketi pamoja na kulinganisha -me- na "have", -ja- na -ku-, "have not" na "did not", ina faida kuliko mazoezi mia ya kujaza mapengo.

Na kwenu wanafunzi, nawaomba jambo moja. Kabla ya kuiachilia barua au fomu, isomeni tena mkitafuta "have" na "has" peke yake. Kila mnapoipata, angalieni kama kuna neno la wakati uliokwisha katika sentensi hiyo. Likiwapo, ikanusheni sentensi kwa Kiswahili, msikilize ulimi wenu. Kazi hii haichukui dakika tano, na inaweza kuokoa muhula.

Jina la Mabanga linajulikana kwa jambo jingine pia. Baada ya mapigano ya Mlima Elgon ya miaka ya 2006 hadi 2008, jamii za eneo hili zilifikia mwaka 2011 mapatano ya amani yaliyopewa jina la Mabanga. Mapatano ya namna hiyo huandikwa ili yasomwe na watu ambao hawakuwamo ukumbini siku yalipofikiwa, pamoja na watoto ambao hawakuwa wamezaliwa. Msomaji wa Kiingereza akikuta "we agreed", ataona ni historia ya jambo lililofanyika siku fulani. Akikuta "we have agreed", ataona kuwa neno lile lingali linawafunga waliolitoa. Wahenga walituambia kuwa ahadi ni deni, nasi tunajua kuwa kuna deni lililo hai na deni lililokufa. Anayeandika hana budi kumwonyesha msomaji ni deni lipi.

Kijana wangu alirudi shuleni muhula uliofuata, baada ya mama yake kuuza ng'ombe. Fomu za basari zilipotoka tena, tuliketi pamoja chini ya mti nje ya chumba cha walimu, tukaandika kwanza kwa Kiswahili, tukakanusha, kisha tukaandika kwa Kiingereza. Sentensi aliyoichagua mwenyewe ilikuwa hii: "My uncle promised to help us last year, but he lost his job and has not paid anything." Aliahidi, alipoteza kazi, hajalipa. Kila kitenzi kilisimama mahali pake. Safari hiyo jina lake lilikuwamo.